Mayai ya kupe kwenye kibanda cha mbwa: je, watoto wa kupe huzaliwa na ugonjwa?

"Daktari, habari. Tunaishi Kahawa Sukari na tuna mbwa wa aina ya shepadi, ana miaka minne. Mwezi uliopita alikonda akaanza kutokwa damu puani, na daktari wa mifugo akasema ni ehrlichia inayoletwa na kupe. Leo yuko siku ya 19 ya dawa ya siku 28 na anakula vizuri. Jumamosi nikiosha kibanda chake nilibandua ubao mmoja nikakuta kupe mkubwa wa kijivu, hasogei, na mbele yake rundo la mayai ya kahawia yanayong'aa kama punje za wimbi. Jirani anasema mayai hayo yote tayari yana ugonjwa, nimwage petroli nichome kibanda. Hata kwenye intaneti nimesoma kwamba kupe huwaambukiza watoto wao kupitia mayai. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka mitatu anayecheza na huyu mbwa kila siku. Ni kweli kupe huzaliwa na ugonjwa? Nimpeleke mtoto akapimwe?"

Mama, kibanda usikichome. Petroli na moto kwenye kiwanja anachochezea mtoto wa miaka mitatu ni hatari kubwa kuliko mayai yote uliyoyaona.

Swali lako ni maswali mawili. La kwanza: bakteria aliyemwangusha mbwa wako yumo ndani ya mayai yale? Hayumo. La pili: yupo bakteria mwingine yeyote anayeweza kupita kwenye yai la kupe na kumdhuru binadamu? Yupo, ingawa si kila kupe anaye. Jirani amekosea, na ulichosoma kwenye intaneti ni kweli kwa bakteria fulani tu. Hilo neno "fulani" ndilo linaloamua ufanye nini leo nyumbani kwako, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Nianze na ulichokiona. Kwa maelezo yako, huyo ni karibu hakika kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye jina lake la kisayansi ni Rhipicephalus sanguineus. Anaonekana wa kijivu kwa sababu amevimba kwa damu. Tofauti na kupe wa ng'ombe anayengoja kwenye nyasi, huyu ni kupe wa nyumba na vibanda. Jike hunyonya kwa takriban wiki moja, hudondoka, kisha hupanda. Hupanda ukutani, nyuma ya ubao, chini ya ukingo wa bati, popote penye ufa mwembamba. Hukaa hapo siku kadhaa, halafu hutaga kwa wiki mbili au tatu mfululizo. Akishiba vizuri anaweza kutaga hadi mayai 4,000 hivi. Akimaliza, anakufa. Hanyonyi tena na hatagi tena.

Ulisema mayai yalikuwa mbele yake, na hapo umeona vizuri. Tundu la uzazi la kupe liko tumboni, karibu na kichwa. Kila yai linapotoka, kiungo laini chenye unyevu hujitokeza juu ya mdomo wake, hulipokea, hulipaka nta na kuliweka juu ya mengine. Mng'ao ule ni nta. Inazuia yai lisikauke, na pia inazuia dawa nyingi za kupe zisipenye. Ndiyo maana watu hunyunyizia kibanda leo, wakafurahi wiki mbili, kisha wakashtuka kuona kupe wadogo kama vumbi wakitembea ukutani.

Sasa tuingie ndani ya kupe. Damu yenye bakteria ikimezwa hufika kwenye utumbo. Wengi wa bakteria hao huishia hapo, hufa au humeng'enywa. Wanaofaulu huingia kwenye seli za ukuta wa utumbo, huzaliana, kisha hutokea upande wa pili na kuingia kwenye damu ya kupe mwenyewe. Damu hiyo haina mishipa kama yetu. Inazunguka wazi ndani ya mwili ikigusa viungo vyote. Kutoka hapo kuna njia mbili za muhimu: tezi za mate, ambako bakteria husubiri kudungwa kwa mnyama mwingine, na ovari. Ovari ya kupe imekaa kama kishada cha zabibu. Mayai machanga hujitokeza nje yake kila moja kwenye kikonyo chake, yakilowa kwenye damu hiyo na kufyonza kiini kitakachomlisha mtoto. Ni katika siku hizo, kabla ganda halijakaza, ndipo bakteria mwenye uwezo huo huingia ndani ya yai. Ganda likishafunga, aliyebaki nje amebaki nje.

Bakteria wa mbwa wako, Ehrlichia canis, anafika kwenye utumbo na anafika kwenye tezi za mate. Kwenye yai hapiti. Lava wa kupe, yule mdogo mwenye miguu sita anayetoka kwenye yai, huzaliwa bila ehrlichia hata kama mama yake alishiba damu ya mbwa mgonjwa. Na kwa kuwa mama huyo hatanyonya tena maishani, bakteria aliowabeba wanakufa naye papo hapo nyuma ya ubao. Kwa ugonjwa wa mbwa wako, yule jike uliyemwona ni mwisho wa njia.

Wanaopaswa kukuhangaisha zaidi ni majirani zake kwenye ufa uleule. Ehrlichia hapiti kwenye yai, lakini hudumu mwilini mwa kupe anapojivua gamba. Lava aliyenyonya mbwa wako akiwa mgonjwa alidondoka, akajificha, na sasa anageuka kuwa nimfu mwenye miguu minane. Nimfu aliyenyonya wakati huohuo anageuka kuwa kupe mkubwa. Hao watatoka wembamba, wakavu, hawana hata tone la damu linaloonekana, na watakuwa na ehrlichia kwenye mate. Kupe mkubwa wa aina hii anaweza kukaa na njaa akiwa bado na uwezo wa kuambukiza kwa muda wa miezi mitano hivi. Madume pia wanahesabika, maana dume hunyonya kidogo kwa mbwa mmoja, humwacha na kuhamia mwingine. Mbwa aliyepona hapati kinga ya kudumu. Kwa hiyo ukimaliza vidonge vya siku 28 huku nyufa za kibanda zikiwa kama zilivyo, unaweza kurudi kwa daktari na ugonjwa uleule kabla mwaka haujaisha.

Hebu tugeukie bakteria anayepita kwenye yai. Jamii ya Rickettsia ndiyo inayotuhusu zaidi hapa kwetu. Rickettsia conorii, anayesababisha homa ambayo vitabu vya tiba viliiita kwa miaka mingi taifasi ya kupe ya Kenya, hubebwa na huyuhuyu kupe wa kahawia wa mbwa, na anaweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto kupitia mayai. Ndugu yake Rickettsia africae hubebwa na kupe wakubwa wenye madoa ya rangi mgongoni, wanaopatikana kwa ng'ombe na wanyama wa porini. Huyo ndiye anayewapata watu waliotembea kwenye nyasi za malisho au mbugani, si kwenye kibanda cha mbwa Kahawa Sukari.

Hata kwa Rickettsia, usifikirie kwamba kila mama huambukiza na kila yai huambukizwa. Wataalamu hupima mambo mawili tofauti: ni majike wangapi wenye bakteria wanaowapitisha kwa watoto, na ndani ya rundo moja, ni mayai mangapi yanayowapata. Ukoo wa kupe ambao umebeba bakteria vizazi na vizazi unaweza kuwa na rundo ambalo karibu kila yai linaye. Jike aliyewapata juzi tu kwa mlo wake wa mwisho anaweza kutaga kabla hawajafika kwenye ovari. Tena wapo bakteria wanaomuumiza kupe mwenyewe. Rickettsia rickettsii wa Marekani hupunguza uzazi wa kupe na hata kumuua, kwa hiyo hawezi kuishi kwa mayai peke yake. Kila mara anahitaji mnyama mwenye damu ya moto wa kuwaambukiza kupe wapya.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Lugha yetu ina neno lake kabisa: papasi, yule kupe laini asiye na ngao mgongoni anayeishi kwenye sakafu ya udongo na kunyonya usiku kwa dakika chache tu. Robert Koch, mtafiti wa bakteria kutoka Ujerumani, alipokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1905 aliwapasua papasi na kuona ndani ya mayai yao bakteria wembamba waliojipinda kama parafujo, wale wanaoleta homa ya papasi inayokuja, ikaondoka, ikarudi. Alionyesha kwamba watoto wa papasi hao huzaliwa wakiwa nao. Papasi hutaga mara kadhaa maishani na huishi miaka mingi, kwa hiyo nyumba moja ya udongo ingeweza kushikilia ugonjwa hata ikikaa bila watu kwa muda mrefu. Nyumba yenye sakafu ya saruji haimfai.

Kuna kosa lingine ambalo ningependa likutoke akilini. Ukisoma kwamba maabara imekuta bakteria kwenye mayai ya kupe, usiruke moja kwa moja kwenye ugonjwa. Kupe hula damu tu tangu kuzaliwa hadi kufa, na damu ina upungufu mkubwa wa vitamini za kundi B. Anayezitengeneza ni bakteria rafiki anayeishi ndani ya kupe na kurithishwa kupitia yai kwa karibu kila mtoto. Watafiti wakiwapa kupe antibayotiki za kuwaua bakteria hao, kupe hudumaa au hushindwa kuzaa. Kwa kupe wa kahawia wa mbwa, rafiki huyo ni wa jamii ya Coxiella. Kwa hiyo yai la kupe lisilo na bakteria hata mmoja ni nadra sana. Swali la maana ni bakteria gani.

Basi, cha kufanya. Mayai yenyewe yaondoe leo. Vaa glavu, chukua kisu kizee na chupa ya jemu yenye kifuniko. Weka sabuni kidogo chini ya chupa, kwangua rundo lote pamoja na jike mwenyewe liangukie ndani, kisha mimina maji yanayochemka, funga na uache hadi kesho yake ndipo umwage chooni. Usifagie, maana nta ile hunata kwenye ufagio na utayapeleka mayai hadi sebuleni. Usiwapasue kupe kwa kucha wala kwa vidole vitupu, kwa sababu majimaji yao yanaweza kuingiza rickettsia kupitia mkwaruzo au ukijisugua jicho.

Halafu nyufa. Toa matandiko yote ya mbwa. Yanayofulika yafue kwa maji moto sana, gunia kuukuu litupe. Kagua mbao zote, pande zote mbili. Inua kibanda, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio, yakikauka ziba nyufa kwa saruji au pati. Usiishie chini. Kupe huyu hupenda kwenda juu, kwa hiyo angalia ukuta wa karibu hadi kwenye ukingo wa paa, fremu za milango, nyuma ya mapazia, na kama mbwa huingia ndani, angalia chini ya makochi na kwenye mishono yake. Ukipata kupe wengi ndani ya nyumba, mwite mtu wa kunyunyizia aliye na leseni.

Dawa ya kunyunyizia utaipata agroveti. Ile inayouzwa sana ni amitrazi ya asilimia 12.5, na kipimo chake cha kawaida ni mililita 2 kwa kila lita moja ya maji, yaani mililita 20 kwa ndoo ya lita 10. Soma lebo ya chupa yako kwanza, kisha pima kwa sirinji. Kofia ya chupa si kipimo. Changanya utakayoitumia siku hiyo tu, maana mchanganyiko uliolala hupoteza nguvu. Nyunyizia kuta na mbao hadi maji yaanze kuchuruzika, na mtoto na mbwa wasikaribie hadi pakauke kabisa. Kama mna paka, mwambie muuzaji mapema: amitrazi humdhuru, na permethrini, dawa nyingine ya kupe, humuua. Mayai hayatakufa, kwa hiyo rudia kila baada ya siku 14, angalau mara tatu baada ya ile ya kwanza. Mayai huanguliwa baada ya wiki tatu hadi tano hivi, na baridi ya Julai Nairobi huyachelewesha zaidi, ndiyo maana mtu aliyenyunyizia mara moja tu Juni hupata kupe Agosti akadhani dawa ilikuwa bandia.

Mbwa mwenyewe usimpeleke kwa shangazi mashambani hadi mambo yatulie. Watu wengi hufanya hivyo na ni kosa. Kupe wenye njaa waliobaki kwenye kuta, wakimkosa mbwa, ndipo huwapanda watu. Mbwa aliye na dawa nzuri mwilini ni mtego: kupe wanapanda kwake, wanaonja, wanakufa. Vidonge vya kutafuna vya kundi la aizoksazolini vinafanya kazi hiyo vizuri, vingine kwa mwezi mmoja, vingine kwa wiki 12, na kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo apimwe kwenye mizani. Kama amewahi kuanguka kifafa, mwambie daktari kabla. Vidonge havizuii kila kuumwa, kwa sababu kupe lazima aume ili afe, na ehrlichia inaweza kupita ndani ya saa chache. Bei yake ni kubwa kuliko dawa ya kuogesha, sikatai. Ila nikilinganisha na gharama ya kutibu ehrlichia mara ya pili, ningeanza na vidonge na kuzungumza na daktari kuhusu kola ya kuzuia kupe.

Dawa ya siku 28 imalizike, hata kama anaruka uani kama mtoto wa mbwa. Kama ni doksisaiklini, mpe na chakula na maji ya kutosha ya kuiteremsha, maana kidonge kikikwama kooni huunguza, wala usimpe na maziwa kwa sababu hupunguza nguvu ya dawa. Akimaliza, omba kipimo cha hesabu kamili ya damu kuona kama chembe za kugandisha damu zimerudi. Kile kipimo cha haraka cha kingamwili hakifai kwa kazi hii, maana kinaweza kuendelea kuonyesha ndiyo kwa miezi mingi hata kwa mbwa aliyepona.

Mtoto, kama hana homa na yuko mzima, hahitaji kupimwa wala kupewa antibayotiki za kujikinga. Ehrlichia canis kwa binadamu ni jambo la nadra sana. Baadhi ya visa vichache vilivyoripotiwa vilitoka Venezuela. Cha kufanya ni kumkagua kila jioni unapomwogesha: nyuma ya masikio, kwenye nywele za kisogoni, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja bila kuzungusha, kisha osha mahali hapo kwa sabuni. Usimpake mafuta taa, usimchome kwa kiberiti, kwa sababu unaweza kumfanya kupe atapike mate yake ndani ya jeraha. Andika tarehe kwenye kalenda.

Kwa siku 14 baada ya tarehe hiyo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo ukiona homa, maumivu ya kichwa, vipele hasa vikifika viganjani na nyayoni, tezi zilizovimba, au kidonda kidogo chenye kigaga cheusi pale alipoumwa. Kigaga hicho huwa hakiumi, kwa hiyo mtoto hatakuonyesha, ni lazima ukitafute. Mwambie daktari neno hili waziwazi: kupe. Nairobi homa ya mtoto hupimwa malaria kwanza, ni sawa, lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria safari isiishie hapo. Vipimo vya kingamwili za rickettsia mara nyingi havionyeshi kitu wiki ya kwanza, kwa hiyo matibabu huanza kwa dalili bila kungoja maabara. Dawa ni doksisaiklini, na ukisikia kwamba watoto wadogo hawapewi kwa sababu ya meno, jua kwamba kwa magonjwa haya kozi fupi hukubalika hata chini ya miaka minane. Kipimo apange daktari kwa uzito.

Mbwa naye arudishwe bila kungoja miadi akitokwa damu tena puani, fizi zikiwa nyeupe, au akikataa chakula kwa siku nzima. Hakikisha anayemtibu amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Na siku ya kwenda, wachukue kupe wawili watatu kutoka kwenye nyufa, uwatie kwenye kichupa chenye spiriti ya hospitali, uandike juu yake tarehe na mahali ulipowatoa, ubao au ukuta, ili daktari athibitishe kwa macho kama kweli ni kupe wa mbwa au ni wale wenye madoa.